Ndururu za Marekani: jinsi ya kujua umri wake na bei yake

"Nina senti tano ya Mmarekani ya mwaka 1964, ni shilingi ngapi?" "Nimepata yenye nyati ila mwaka umefutika, je, nimeula?" "Hii ya 1943 ina P kubwa juu ya nyumba, ni feki?"

Maswali ni yale yale na wanaouliza hawaishi. Majibu ya mkato: ya kwanza ni senti tano, ya pili haijakutajirisha, ya tatu si feki na ndiyo yenye afadhali kuliko zote tatu. Lakini majibu ya mkato hayakusaidii siku ukiletewa kopo zima, kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Wengi huruka moja kwa moja kwenye bei, na hapo ndipo wanapodanganyika.

Shika hili tangu sasa: uzee peke yake hauleti bei. Ipo ndururu ya 1883 ambayo ikiwa imechakaa utainunua kwa bei ya chakula cha mchana, na ipo ya 1937 inayouzwa mamia ya dola.

Andaa hivi kwanza

- Lenzi ya kukuzia, ile wanayotumia masonara, ya mara 5 hadi 10. Kamera ya simu inasaidia, ila simu nyingi hulainisha picha na kupoteza herufi ndogo.
- Mizani ndogo ya dijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu.
- Sumaku yoyote ile.
- Taa ya mezani unayoweza kuiinamisha mwanga uje kwa ubavu. Mwanga wa juu kwa juu huficha maandishi yaliyolika.
- Taulo laini ya kutandika mezani, maana sarafu huponyoka.
- Vikadi vya kuhifadhia sarafu, vyenye dirisha la plastiki isiyo na PVC.

Umeona sikutaja dawa ya kusafishia.

ONYO: Usiisafishe. Si kwa limau na majivu, si kwa dawa ya meno, si kwa stilwaya, si kwa dawa ya kung'arishia shaba. Sarafu iliyosuguliwa huwa na mikwaruzo midogo inayoelekea upande mmoja, na mnunuzi mzoefu huiona mara moja akiigeuza kwenye mwanga. Bei hushuka hapo hapo, mara nyingi kwa nusu au zaidi, wala hakuna dawa ya kuirudisha. Uchafu na rangi ya kijivu viache vilivyo. Na ishike ukingoni, si usoni.

Hatua ya 1: Tambua aina kabla ya kusoma mwaka

Senti tano ya kwanza ya Marekani haikuwa ya nikeli. Ilikuwa kisarafu chembamba cha fedha, ile fedha ya sonara, kilichogongwa kuanzia miaka ya 1790 hadi 1873. Ukikuta kitu chepesi kuliko kipini cha sikio, chenye maneno HALF DIME, hicho ndicho, na mwongozo huu haukihusu. Kiweke pembeni kwa heshima.

Ndururu tunayoizungumzia ilianza mwaka 1866. Nikeli yake ni robo tu, robo tatu ni shaba. Aina zake ni nne.

*Ya ngao (1866–1883).* Mbele kuna ngao, nyuma kuna tarakimu 5 kubwa iliyozungukwa na nyota. Za 1866 na baadhi za 1867 zina miale kati ya nyota. Miale hiyo iliondolewa katikati ya 1867 kwa sababu chuma hicho kigumu kilikuwa kikivunja vyuma vya kugongea. Yenye miale ina bei nzuri zaidi.

*Ya kichwa cha Uhuru (1883–1912).* Mbele kuna kichwa cha mwanamke mwenye taji, nyuma kuna V kubwa, yaani tano ya Kirumi. Hapa pana kisa. Toleo la mwanzo la 1883 lilikuwa na V tupu bila neno CENTS. Wajanja wakaipaka dhahabu na kuipitisha madukani kama sarafu ya dola tano, maana ukubwa ulikaribiana. Serikali ikaongeza neno CENTS mwaka huo huo. Watu walidhani zile zisizo na neno zitaitwa zirudi, wakazificha kwa wingi, ndiyo maana leo ni rahisi kuzipata na hazina bei ya kutisha. Ukihesabu na ya ngao, mwaka 1883 pekee una ndururu za namna tatu, kwa hiyo mtu akikwambia "ninayo ya 1883" bado hajakwambia kitu.

*Ya nyati (1913–1938).* Mbele kuna uso wa Mmarekani wa asili, nyuma kuna nyati wa Marekani mwenye nundu. Aliichora mchongaji James Earle Fraser. Kwangu ndiyo nzuri kuliko zote, na ndiyo inayosumbua kuliko zote, kwa sababu mwaka uliwekwa begani, mahali palipoinuka, ukawa wa kwanza kulika. Za mwanzo za 1913 nyati amesimama juu ya kilima na maneno FIVE CENTS yako juu ya kilima hicho. Maneno nayo yakaonekana yatalika upesi, basi mwaka huo huo kilima kikakatwa, pakawa na mstari ulionyooka na maneno yakashushwa chini yake.

*Ya Jefferson (1938 hadi leo).* Mbele kuna Rais Thomas Jefferson, nyuma kuna Monticello, nyumba yake yenye kuba huko Virginia. Zilizo nyingi mikononi mwa watu ni hizi. Tahadhari: mwaka 2005 nyati alirudi nyuma ya sarafu kwa toleo maalumu, lakini mbele yupo Jefferson. Hiyo ni mpya, usishangilie.

Hatua ya 2: Soma mwaka

Ya ngao na ya kichwa cha Uhuru, mwaka uko chini mbele. Ya nyati uko begani, kushoto chini. Ya Jefferson uko kulia, karibu na ukingo, isipokuwa matoleo machache ya karibuni.

Inamisha taa, zungusha sarafu taratibu, kivuli kitakuonyesha tarakimu ambazo jicho la kawaida halizioni. Tarakimu mbili za mwisho ndizo muhimu. Ukiona 3 na 8 zinafanana, usijiamulie kwa kupenda ile yenye bei. Pata maoni ya mtu wa pili ambaye hujamwambia unachotarajia.

Hatua ya 3: Tafuta herufi ya kiwanda

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na mara nyingi ndiyo yenye pesa. Sarafu za Marekani hugongwa katika viwanda tofauti: D ni Denver, S ni San Francisco. Philadelphia kwa desturi ya zamani haikuweka herufi kabisa, kwa hiyo kukosekana kwa herufi si kasoro.

- Ya ngao: haina herufi, zote ni za Philadelphia.
- Ya kichwa cha Uhuru: herufi ipo kwenye za 1912 tu, nyuma, upande wa kushoto wa neno CENTS.
- Ya nyati: nyuma, chini kabisa, chini ya FIVE CENTS.
- Ya Jefferson, 1938 hadi 1964: nyuma, kulia kwa nyumba.
- Ya Jefferson, 1965 hadi 1967: hakuna kiwanda kilichoweka herufi.
- Ya Jefferson, 1968 na kuendelea: mbele, karibu na mwaka.

Kwenye orodha hii kuna pengo la makusudi, nalo ni la vita. Katikati ya 1942 hadi mwisho wa 1945, nikeli ilihitajika kwa zana za Vita vya Pili vya Dunia, ikaondolewa kabisa kwenye ndururu. Mchanganyiko ukawa shaba 56%, fedha 35% na manganizi 9%. Ili ziweze kutambulika haraka, herufi iliwekwa kubwa juu ya kuba la Monticello: P, D au S. Hiyo P ilikuwa ya kwanza Philadelphia kuiweka kwenye sarafu yoyote. Kwa hiyo anayeuliza kama P kubwa ni dalili ya feki, ni kinyume chake.

Usikariri tu kwamba "1942 ni fedha". Mwaka huo zilitoka za aina zote mbili. Angalia juu ya kuba. Pasipo herufi kubwa hapo, hakuna fedha ndani yake.

Hatua ya 4: Ijaribu kwa mizani na sumaku

Ndururu ya nikeli mpya ina gramu 5.00, na ya vita hivyo hivyo. Iliyochakaa sana inaweza kupungua hadi 4.8 au chini kidogo. Ikisoma 4.2 au 5.6, una tatizo.

Kisha sumaku. Ndururu halisi ya Marekani haishikwi na sumaku, hata kama jina la nikeli linakufanya udhani vingine, maana shaba ndiyo nyingi. Ikinasa, ni bandia au si ya Marekani. Kagua kama kuna mnyama aina ya biva nyuma yake na jina CANADA. Senti tano nyingi za zamani za Kanada ni nikeli tupu na hunasa vizuri sana.

Bandia za zamani nazo zipo. Katika miaka ya 1950 Francis Leroy Henning wa New Jersey aligonga ndururu zake mwenyewe, akaweka mwaka 1944 bila kukumbuka P kubwa juu ya kuba. Ukiona ya 1944 haina herufi mahali hapo, umepata kazi ya mikono yake.

Hatua ya 5: Pima hali yake

Wakusanyaji hutumia kipimo cha 1 hadi 70, na vifupisho utakavyovikuta kwenye orodha za bei ni G, VG, F, VF, EF, AU na MS, kutoka iliyochakaa hadi ambayo haijawahi kutumika. Huna haja ya kuvikariri vyote. Kuna alama mbili zinazokutosha kuanzia.

Kwenye ya kichwa cha Uhuru, tazama neno LIBERTY kwenye taji. Halisomeki kabisa: ni G. Herufi kama tatu zinaonekana: VG. Neno zima linasomeka: F au zaidi.

Kwenye ya nyati, tazama pembe. Mwaka unasomeka lakini pembe imelika: ni ya daraja la chini, G au VG. Pembe inaonekana yote hadi ncha: VF. Ukiona na manyoya ya kichwani yamesimama, iweke kwenye kikadi na usiiguse tena.

Kosa la kila anayeanza ni kuipandisha sarafu yake madaraja mawili. Ukijiambia "hii ni VF", andika F kisha uendelee. Na kung'aa si kigezo: iliyosuguliwa hung'aa, ambayo haijatumika huwa na mng'ao unaozunguka ukiigeuza. Ukishaona zote mbili pamoja mara moja hutachanganya tena.

Tofauti ya hali si ya senti. Chukua ya nyati ya 1926 yenye S. Zilitengenezwa 970,000, ndiyo ndururu pekee ya nyati isiyofika milioni moja. Iliyochakaa ni makumi machache ya dola. Ambayo haijatumika ni maelfu. Mwaka ni ule ule, herufi ni ile ile.

Hatua ya 6: Linganisha na zile zinazotafutwa

Hizi ndizo ukizikuta simama, vuta pumzi, usiziuze siku hiyo:

- Ya ngao ya 1877 au 1878. Miaka hiyo zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji tu, hazikuingia sokoni.
- Ya kichwa cha Uhuru ya 1885, kisha 1886, kisha 1912 yenye S. Ya 1885 ni mamia ya dola hata ikiwa imelika.
- Ya nyati ya 1913 yenye S bila kilima, na ya 1921 yenye S.
- Ya nyati ya 1918 yenye D, ambapo chini ya 8 kuna mabaki ya 7.
- Ya nyati ya 1937 yenye D na miguu mitatu. Fundi alisugua chuma cha kugongea kupita kiasi, mguu mmoja wa mbele ukafutika. Wahuni huukwangua mguu huo kwenye sarafu ya kawaida, kwa hiyo tafuta mstari wa vinundu vidogo unaoshuka kutoka tumboni mwa nyati hadi ardhini. Halisi inao.
- Ya Jefferson ya 1939 yenye D, na ya 1943 yenye P ambapo 3 imegongwa juu ya 2.

Ya Jefferson ya 1950 yenye D ina somo lake. Zilitengenezwa milioni 2.63 tu, chache kuliko Jefferson nyingine zote za kawaida. Watu wakasikia, wakazinunua kwa mifuko na kuzifungia. Matokeo yake zimebaki nyingi, safi kabisa, na bei yake ni dola chache tu. Uchache wa kiwandani na uchache wa sokoni ni vitu viwili.

Hatua ya 7: Sasa ndiyo uangalie bei

PCGS na NGC, kampuni mbili kubwa za Marekani za kuthibitisha sarafu, zina orodha za bei za bure mtandaoni. Chagua aina, mwaka, herufi na daraja. Kisha nenda kwenye mnada wa mtandaoni kama eBay, chuja uone zilizouzwa, si zinazouzwa. Mtu yeyote anaweza kuandika dola 50,000 kwenye tangazo, kuandika ni bure.

Bei ya orodha ni ya kununulia dukani. Ukienda kuuza, mwenye duka lazima apate chake, kwa hiyo tarajia pungufu ya hapo.

Ndururu za vita zina hesabu yake. Kila moja ina gramu 1.75 za fedha. Chukua bei ya aunsi ya fedha siku hiyo, gawanya kwa 31.1, zidisha kwa 1.75. Aunsi ikiwa dola 31.10, ndururu moja ina fedha ya dola 1.75. Mnunuzi atakata kidogo kwa ajili ya usafishaji wa madini.

Kuipeleka kuthibitishwa hugharimu makumi ya dola ukijumlisha posta na bima. Usifanye hivyo kwa sarafu ya dola tano.

Na ukiwa Afrika Mashariki, unajua jinsi habari za "rupia za Mjerumani" zinavyozunguka. Mchezo ule ule umehamia kwenye sarafu za Marekani. Mtu akikuahidi mamilioni, kisha akataka kwanza "ada ya usajili" au "ya cheti" kwa simu, mazungumzo yameisha. Mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haombi.

Ukikwama

*Ya nyati haina mwaka kabisa.* Huuzwa chini ya dola moja, wengi huzitumia kutengenezea vifungo na mapambo. Ila angalia nyuma: ikiwa na kilima ni ya 1913 bila ubishi, mwaka uwepo usiwepo. Kuna asidi inayorudisha tarakimu, lakini huacha doa la kudumu na sarafu huhesabiwa kuwa imeharibiwa. Itumie kwa udadisi tu, na glavu mkononi.

*Ya 1964 nimeambiwa ni fedha.* Sarafu za Marekani za senti kumi, robo dola na nusu dola za mwaka huo ni fedha kweli. Ndururu si fedha. Philadelphia iligonga zaidi ya bilioni moja, Denver zaidi ya bilioni moja na nusu.

*Ina rangi ya dhahabu.* Ikiwa ni ya 1883 isiyo na CENTS, huenda ilipakwa na wajanja wa enzi hizo, au na mtu mwingine baadaye. Nyingine zote zimepakwa tu kwa pambo, na bei imeshuka.

*Ina utelezi wa kijani.* Ni plastiki ya PVC iliyoitunza. Ichovye kwenye asetoni safi, isiyo na manukato, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali, kisha iache ikauke yenyewe bila kusugua. Huku si kuing'arisha. Unaondoa kemikali inayoendelea kuila.

*Ni ya 1913 na ina kichwa cha mwanamke.* Zinajulikana tano tu duniani. Moja iko Smithsonian, na nyingine iliuzwa zaidi ya dola milioni 4.5 mwaka 2018. Yako karibu hakika ni ya 1903, 1910 au 1912 iliyochezewa tarakimu. Tazama kwa lenzi uso unaozunguka namba ya mwisho: ukiona mikwaruzo, mfuo au rangi tofauti, umepata jibu.

*Nina kopo zima, nianzie wapi?* Zitenge kwa picha kwanza: ngao, V, nyati, Jefferson. Kwenye fungu la Jefferson toa zote zenye herufi kubwa juu ya kuba, kisha za 1939 na 1950 zenye D. Za ngao, V na nyati zipitie moja moja kwa lenzi. Jefferson zinazobaki ni pesa halali Marekani, zitumie. Ukiwa Dar au Nairobi, duka la kubadilishia fedha kwa kawaida halipokei sarafu, kwa hiyo mpe anayesafiri akanunulie kahawa uwanja wa ndege.